Paa Lilianza Kuvuja Lini? Kulisoma Jumba la Maajabu Nikiwa Homa Bay

Baba yangu ni fundi wa mawe. Siku niliyomwonyesha kwenye simu picha ya Beit al-Ajaib ikiwa imemeguka mbele, mnara wa saa umegeuka kifusi, hakuuliza Sultani gani alilijenga. Alivuta picha kwa vidole viwili, akaitazama sehemu ya juu kwa muda, kisha akauliza, "Paa lilianza kuvuja lini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na mambo mengine tele ya kumwambia, yale ambayo kila mtu aliyewahi kugugo Zanzibar anayajua: umeme wa kwanza kisiwani, lifti ya kwanza Afrika Mashariki, vita vifupi kuliko vyote duniani. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ni mtu wa adabu. Halafu akasema, "Hayo ni ya matangazo. Mimi nimeuliza juu ya jengo."

Swali hilo limenikaa kichwani karibu miaka miwili, na insha hii ni jaribio la kulijibu nikiwa nimechelewa. Tuna kauli moja tunayopenda kuirudia, waandishi wa safari na waongoza watalii na hata sisi wa majarida: kwamba jengo fulani la ufukweni "linaakisi historia ya mji wake." Nataka kuibishia kauli hiyo kidogo. Kioo kinaakisi bila kuchoka na bila gharama. Jengo lina gharama kila mwaka, na mtu fulani lazima azilipe.

*

Nianze na jinsi nilivyofika kule, maana sikufika kama mtalii.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikataa kutimia, nikarudi nyumbani Homa Bay nikidhani ni muhula mmoja tu. Manze, muhula ulizaa mwaka. Mchana nikawa mtu wa mkono wa Baba kwenye mjengo: kuchekecha mchanga, kukoroga, kupandisha karai. Usiku nikawa naandika vitu vya watu kwa simu yenye skrini iliyopasuka. Kwa njia hiyo nilipata kazi ya wiki mbili ya kuandika maneno ya tovuti ya mtu mwenye vyumba vya wageni Unguja. Malipo yalikuwa nauli, kulala, na hela kidogo ambayo hata sasa naona aibu kuitaja.

Nikapanda matatu ya Migori, nikapita Awendo kwenye miwa, nikateremka Isebania. Kama hujawahi kuvuka pale, jua kwamba upande wa Kenya panaitwa Isebania na upande wa Tanzania panaitwa Sirare, lakini soko ni moja na wanaobeba ndizi wanavuka bila kukumbuka kwamba wanavuka. Nikagongewa muhuri. Kisha Tarime, kisha Mwanza, kisha siku nzima na usiku wa basi hadi Dar es Salaam, kisha boti. Niutunze mpaka huo wa Isebania mfukoni, nitauhitaji baadaye.

Boti ikiingia Unguja, macho yanakwenda penyewe Forodhani. Neno lenyewe linajieleza: mahali pa forodha, pa kulipia mzigo. Na pale mbele, jumba refu kuliko majirani zake wote lilikuwa limezungushiwa mabati ya ujenzi. Wenzangu kwenye boti walipiga picha za mabati hayo. Mimi nilisimama nikihesabu viunzi vya kushikilia ukuta, nikawaza kwamba Baba angezihesabu nguzo kwanza.

*

Tuanze basi na nguzo.

Sultani Barghash bin Said alilijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Halikuwa nyumba ya kulala. Lilikuwa jumba la sherehe na la kupokelea wageni, likasimama karibu na makazi ya kifalme, Beit al-Sahel na Beit al-Hukm, na palikuwa na madaraja ya juu yaliyounganisha majumba hayo ili wanawake wa ukoo wapite bila kuonwa na watu wa chini. Lina ghorofa ndefu zilizozungukwa na baraza pana pande zote, na baraza hizo zimebebwa na nguzo za chuma cha kusubu kilicholetwa kwa meli. Milango yake mikubwa imechongwa aya za Kurani. Mbele yake yalikaa mizinga ya shaba ya Wareno, mabaki ya wageni wa kabla.

Ukilitazama kwa jicho la mjengo, jambo la kwanza unaloliona ni kwamba limeandikwa lisomwe kutoka majini. Baraza zote zile hazina kazi kubwa kwa mtu anayepita nyuma kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Kazi yake ni kwa nahodha, balozi na mfanyabiashara anayekaribia na jahazi au meli ya moshi. Barghash alikuwa amewahi kupelekwa uhamishoni Bombay baada ya kujaribu kumpindua kaka yake Majid mwaka 1859, na mwaka 1875 alizuru Uingereza. Alikuwa ameona jinsi miji ya bandari inavyojitambulisha. Akaamua na wake ujitambulishe.

Hapa ndipo hadithi ya lifti na umeme inapotudanganya. Inatufanya tuone jumba la mtu aliyeshiba. Lakini tazama kalenda. Mwaka 1872 kimbunga kilikuwa kimeangusha mikarafuu ya Unguja na kuzamisha meli zake. Mwaka 1873 Barghash alitia sahihi, kwa shinikizo la manowari za Waingereza, mkataba wa kufunga soko la watumwa, soko ambalo pamoja na pembe na karafuu lilikuwa limeujaza huo huo mfuko. Na karafuu zenyewe zilichumwa na watumwa, ambao hali yao kisheria haikuondolewa Unguja mpaka 1897. Mwaka 1885, miaka miwili tu baada ya jumba, manowari za Wajerumani zilipanga mstari mbele ya Forodhani kumlazimisha akubali kwamba sehemu za bara alizozihesabu kuwa zake zimeshachukuliwa. Bila shaka mabaharia wao waliziona baraza zile zote. Hazikumsaidia.

Kwa hiyo nalisoma Jumba la Maajabu kama suti ya mtu anayekwenda benki kuomba mkopo. Suti ni nzuri kwelikweli. Lakini anayeivaa anajua hesabu yake.

*

Sasa nautoa ule mpaka wa Isebania.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa Ulaya wakakubaliana. Makubaliano yale yanakumbukwa Unguja kwa sababu yalimwachia Sultani visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi tu kwenda ndani. Lakini karatasi hiyo hiyo ilichora mstari kutoka mdomo wa mto Umba, ukazunguka mlima Kilimanjaro, ukanyooka mpaka pale latitudo ya digrii moja kusini inapokutana na ufuo wa mashariki wa Ziwa Victoria. Yaani kwetu. Huo ndio mpaka unaopita kusini mwa Migori, ndio ulionigongea muhuri Isebania, ndio unaowafanya wavuvi wa Muhuru Bay wawe na hofu ya boti za doria za upande wa pili.

Nilipogundua hili nilikuwa nimekaa Forodhani na kikombe cha juisi ya miwa, na nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Nilikuwa nimekuja kutazama historia ya watu wengine. Kumbe kalamu iliyompunguzia mwenye jumba mamlaka ndiyo iliyomgawa mjomba wangu wa Sirare na mjomba wangu wa Isebania. Hatukufundishwa hivyo shuleni. Tulifundishwa pwani kama mada moja na ziwa kama mada nyingine, na katikati kuna mapumziko ya chai.

Uhusiano haukuishia kwenye karatasi. Mei 1896 reli ilianza kutandikwa Mombasa, kwenye ukanda ambao kwa jina ulikuwa bado wa Sultani. Agosti mwaka huo huo, Sultani Hamad bin Thuwaini akafariki ghafla, na Khalid, mwana wa Barghash, akaingia ikulu bila kibali cha Waingereza. Wakampa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Saa tatu ikafika, manowari zikafyatua. Kwa muda wa dakika takriban arobaini, watu karibu mia tano wa upande wa Khalid walikuwa wamekufa au kujeruhiwa, Beit al-Hukm ilikuwa magofu, na meli ya Sultani, Glasgow, ilikuwa imezama bandarini na milingoti yake imebaki nje ya maji. Milingoti hiyo ilikaa hapo mpaka 1912. Hebu fikiria: miaka kumi na sita, kila asubuhi, mji unaamka na kuona ncha za meli yake zikichungulia.

Mtandaoni vita hii imegeuzwa kichekesho. "Vita fupi kuliko zote," halafu emoji. Nimeshaiandika hivyo mwenyewe, kwenye ile tovuti ya vyumba vya wageni, kwa sababu mteja alitaka kitu "chepesi." Sentensi ile bado iko hewani na jina langu haliko chini yake, nashukuru. Watu mia tano ndani ya dakika arobaini si wepesi wowote.

Beit al-Ajaib lenyewe halikuanguka siku hiyo. Kilichoharibika ni mnara wa taa uliokuwa umesimama peke yake mbele. Waingereza wakamweka Sultani wao, Hamoud bin Mohammed, na ukarabati uliofuata ukaupachika mnara mpya wenye saa kwenye uso wa jumba. Mnara huo ndio tunaoujua kwenye kadi na kalenda. Naomba uutazame tena. Ule wa kwanza ulikuwa wa kuongoza vyombo, unamhudumia mtu aliye majini gizani. Huu wa pili unawaambia watu wa mjini ni saa ngapi. Kutoka 1911 jumba likawa ofisi za serikali ya kikoloni, na saa ikawa mahali pake hasa: juu ya vichwa vya makarani.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 likageuzwa tena, likawa la shule na makumbusho ya chama cha Afro-Shirazi. Baadaye likawa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani, na ndani ya ua wake ukajengwa mtepe, chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Kila utawala uliingia na samani zake, na kila mmoja ulitaka sehemu ya mbele. Nani alipanda juu kuangalia paa? Hiyo haimo kwenye maelezo ya makumbusho yoyote niliyosoma.

*

Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Mwaka 2012 sehemu ya baraza ikaanguka na umma ukazuiwa kuingia. Ukarabati mkubwa ulikuja baadaye kwa fedha za Oman, jambo ambalo mtu yeyote anayejua ukoo wa Barghash ulitoka wapi ataliona lina mzunguko wake. Na tarehe 25 Desemba 2020, kazi ikiwa inaendelea, upande wa mbele ukaporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walifariki. Wanne waliokolewa kutoka kwenye kifusi.

Nilipokuwa nasoma habari za siku hiyo, karibu zote zilianza na mwaka wa ujenzi na kumalizia na thamani ya urithi. Wale wawili walikaa aya ya tatu au ya nne. Sisemi hili kwa kulaumu. Aya ya kwanza ina sheria zake. Nasema kwa sababu wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa juu ya kiunzi cha miti hapa Homa Bay, nikimpa Baba mawe, na nikajua ningekaa aya ya ngapi.

Hapo ndipo swali la Baba lilipobadilika kwangu. Mwanzoni nilidhani ni la ufundi tu. Baba ana imani moja kuhusu nyumba: haianguki kutoka chini, inaanguka kutoka juu. Maji yanaingia kwenye paa kidogo kidogo, yanakaa ndani ya ukuta, chokaa inalegea, chuma kinaota kutu na kufura, na siku ukuta unapopasuka watu wanasema, "Ghafla!" Yeye huwa anasema ghafla ni neno la watu ambao hawakupanda ngazi. Sina ripoti ya wahandisi ya kusema hivyo ndivyo ilivyokuwa Forodhani, na sidai. Ninachodai ni kwamba swali lake ndilo swali la historia, na yale yangu ya lifti hayakuwa. Kuuliza paa lilianza kuvuja lini ni kuuliza: ni mwaka gani mtu mwenye jukumu aliona doa kwenye dari akasema tutashughulikia baadaye? Alikuwa wa utawala upi? Na pesa ya mwaka huo ilikwenda wapi?

Wahenga walishasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumeisema methali hiyo mara nyingi mpaka imekuwa nyimbo ya darasa la nne. Lakini haitaji mtu mmoja muhimu: yule anayetumwa kuujenga ukuta ufa ulipokwisha kuachwa, akiwa chini yake.

*

Kuna jengo moja Migori ambalo Baba analiheshimu kuliko yote, na halina sehemu ya mbele kabisa.

Thimlich Ohinga iko Nyatike, mbali kidogo na mji wa Migori, na iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Ni boma la mawe makavu. Hakuna saruji, hakuna chokaa. Jiwe limekaa juu ya jiwe, kubwa limefungiwa na dogo, na ukuta umesimama hivyo kwa karibu miaka mia tano. Baba alinipeleka huko nikiwa darasa la saba. Alipiga magoti langoni akaweka kiganja kwenye kiungo cha mawe mawili kama daktari anayesikiliza kifua.

Walioanza kuujenga ukuta ule si wote waliokuja kuishi ndani yake. Jamii moja ilihama, nyingine ikaja, ikakuta ukuta, ikaurekebisha na kuutumia, kisha nayo ikaondoka. Kila aliyeingia alilazimika kuwa fundi, kwa sababu ukuta wa mawe makavu usioguswa unaanza kumwaga mawe. Siusifu kwamba watu wa kale walikuwa bora. Naona tu tofauti ya muundo: Thimlich haikuruhusu mtu aishi ndani yake bila kuinama kuokota jiwe lililodondoka. Hata ule mtepe wa kwenye ua wa Beit al-Ajaib ni wa ukoo huo, maana chombo cha kushonwa hukidai mwenyewe akishone tena. Mitumbwi ya zamani ya Sese kwenye ziwa letu ilishonwa vilevile. Jumba la Barghash lenyewe liliruhusu. Unaweza kutawala humo miaka ishirini, ukapigwa picha barazani, ukaondoka, na usijue paa lina nini.

*

Sasa nirudi nyumbani, kwa sababu hapa ndipo panaponiuma.

Homa Bay haina jumba la maajabu. Ukishuka kutoka mjini, Got Asego ikiwa mgongoni kama chungu kilichopinduliwa, unafika kwenye gati. Kama kuna kitu cha ufukweni kinachobeba historia ya mji huu, ni hicho. Reli iliyoanza Mombasa 1896 ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, na meli za kwanza za moshi zililetwa vipande vipande kutoka Uskoti, zikaunganishwa pale Kisumu. Magati ya kusini mwa ghuba, Kendu Bay na Homa Bay na mengineyo, yaliishi kwa kuitazama Kisumu. Pamba ilikwenda huko. Watu walikwenda huko, wakaunganisha treni kwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa, na wengine hawakurudi.

Dana, mama yake Baba, alipanda meli hiyo akiwa msichana. Anasema ulikuwa unalala kwenye sitaha na kuku wako miguuni, na asubuhi unafika Kisumu ukiwa umevaa kiatu. Marehemu kwaru alibeba magunia ya pamba mpaka gatini. Alipomwoa Dana, sehemu ya ng'ombe wa mahari ilitoka kwenye mgongo huo. Halafu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na meli zikagawanywa. Dana hasemi mwaka. Anasema, "Meli ziligawanywa kama ng'ombe wa marehemu, na sisi hatukuitwa kwenye kikao." Safari zikapungua, barabara ikachukua abiria, na miaka ya tisini gugumaji likaja kuifunika ghuba kijani kutoka ufuo hadi ufuo, mpaka ukadhani unaweza kutembea juu yake. Mwaka 2020 ziwa likapanda likameza nyumba na mashamba ya watu waliokaa karibu na maji.

Juni mosi 2025 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika hapa kwetu, kwenye uwanja wa Raila Odinga, na kaulimbiu ilikuwa uchumi wa buluu. Mji uliwekewa lami na taa, na sitajifanya kwamba sikufurahi. Nilipiga picha nikiwa chini ya taa moja nikaituma kwa kila msee niliyesoma naye. Tangu hapo kila baraza la chai lina mtu anayeongelea ufuo: kutajengwa nini, hoteli gani, bustani gani, mahali gani pa kupigia selfi. Neno linalorudi ni "alama." Tunataka jengo la alama. Tunataka, kwa maneno mengine, sehemu yetu ya mbele.

Nina hofu mbili. Ya kwanza ni ya Kisumu. Mwaka 2019, bandari ilipokuwa inafufuliwa, vibanda vya samaki vya Lwang'ni vilibomolewa. Kila mtu aliyepita Kisumu aliwahi kula pale ngege iliyokaangwa huku moshi unamwingia machoni. Bandari ilihitaji kufufuliwa, sawa. Lakini ukifuta wanaopika ili wanaopita majini waone ufuo safi, umefanya alichofanya Barghash: umejenga kwa ajili ya macho ya anayekuja na meli. Hapa Homa Bay, akina mama wa omena wanaanika na kupima kwa gorogoro hatua chache kutoka majini. Kwenye michoro niliyowahi kuonyeshwa na marafiki wanaosomea usanifu, ufuo una mitende na watu wanaokimbia kwa mazoezi. Sijaona gorogoro hata moja.

Hofu ya pili ni ya Baba. Jengo likishafunguliwa na utepe ukakatwa, nani anabaki na ngazi?

*

Najua kuna jibu la haraka. Utasema mimi ni mtoto wa fundi, naona kila kitu kama paa, na kwamba Jumba la Maajabu lina uzuri ambao hauhitaji kuhesabiwa gharama. Kuna ukweli. Jioni ya mwisho Forodhani, mabati yakiwa yamezunguka na vijana wakiruka kutoka ukutani kwenda baharini, jua liligonga nguzo zilizobaki, nikasahau hoja zangu zote. Lilikuwa zuri. Nililitazama mpaka wauza urojo wakawasha taa. Natamani lijengwe upya, lisimame, nimpeleke Baba.

Lakini uzuri ule ulinifanya nitake kujua zaidi, si kidogo. Nilitaka jina la aliyezipaka rangi nguzo zile mwaka 1930, na la aliyepanda juu kuzibua mifereji masika ya 1975. Tuna jina la Sultani aliyejenga, la Sultani aliyepigwa mabomu, na la manowari zilizompiga. Khalid tunajua alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam, akakamatwa 1916, na akafia Mombasa 1927. Aliyezibua mifereji hatumjui. Kama jengo kweli linaakisi historia ya mji, basi kioo hicho kina upande uliopakwa rangi nyeusi, na ni upande ambao watu wengi wa ukoo wangu wangekuwa wamesimama.

Wiki iliyopita nilikuwa na Baba kwenye mjengo wa ghorofa moja karibu na ufuo. Mwenye mali alikuja na mchoro wenye rangi, akautandaza juu ya mawe, akaanza kutuonyesha: hapa vioo, hapa baraza ya kutazama ziwa, hapa jina la jengo kwa herufi za taa. Baba akautazama wote, kwa adabu ile ile. Akaweka kidole chenye saruji kavu kwenye kona ya juu.

"Mzee," akamwambia, "gata ziko wapi?"

Mwenye mali akacheka. Akasema hizo tutaona baadaye.

Baba hakucheka. Alichukua penseli ya nyuma ya sikio, akazichora yeye mwenyewe, pande zote nne.